Gego la Mama Sukuma

Mkunga yule alikuwa amezalisha nusu ya mtaa, na sauti yake ilijulikana kuliko sura yake. Wanawake waliopita mikononi mwake walisimulia kwamba hata ukiwa huna nguvu ya kunyanyua kidole, ukisikia "Sukuma!" ya mama yule, mwili wenyewe unatii. Ndipo wakampa jina la Mama Sukuma, naye akalipokea bila kinyongo. Alikuwa mtu wa kutoa amri. Katika chumba cha kujifungulia, daktari, mume na mama mkwe wote walikaa pale alipowaambia wakae.

Mtu huyohuyo aliogopa kiti cha meno kuliko alivyoogopa kaburi. Gego lake la chini, upande wa kulia, lilikuwa limetoboka siku nyingi. Alilijaza karafuu, akasukutua kwa maji ya chumvi, akazoea kutafuna upande mmoja. Mara mbili alifika kwenye kliniki ya meno, na mara zote mbili aligeuka akiwa bado kwenye benchi la kungojea, akidai kuna mama mwenye uchungu anamwita. Majirani wakamcheka. "Mganga hajigangi," walisema. Naye alicheka pamoja nao, kiganja kikiwa shavuni.

Asubuhi ile hakuna aliyecheka. Mwanawe wa kwanza, fundi seremala, alipita kumwamkia kabla ya kwenda karakana. Akamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amejifunga mtandio kuanzia utosini hadi chini ya kidevu.

"Shikamoo, Mama."

Jibu lilitoka zito, kama la mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Seremala akaufungua mtandio bila kuomba ruhusa. Shavu la kulia lilikuwa limevimba hadi likang'aa, na uvimbe haukuishia shavuni. Ulikuwa umeshuka, umevuka mfupa wa taya, umeanza kuingia shingoni.

Alimshika mkono, akampakia kwenye pikapu yake katikati ya mabaki ya mbao na gundi, akaondoa gari.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke kijana, mwenye tabia ya kuongea polepole hata akiwa na haraka. Kliniki yake ilikuwa na vyumba viwili tu na choo, dirisha likitazama karakana ya matairi. Alipomwona mama yule akiingia, mwana amemshika kiwiko, hakungoja kuambiwa habari.

"Shikamoo, Mama. Hebu kunywa maji haya, funda moja."

Mama Sukuma akanywa. Yalishuka, lakini kwa taabu, na machozi yakamlengalenga.

"Toa ulimi. Nyanyua juu."

Mdomo haukufunguka vizuri. Vidole viwili vya daktari vilipenya kwa shida. Akapapasa chini ya ulimi. Bado palikuwa laini. Akavuta pumzi, akatoka kwenda kupiga simu.

Daktari wa upasuaji katika hospitali kubwa, mwendo wa saa kadhaa kwa gari, alimsikiliza hadi mwisho.

"Anameza?"

"Kwa shida."

"Ulimi umenyanyuka?"

"Bado."

"Basi ling'oe sasa hivi, usaha upate njia. Mchome dawa, halafu umlete. Ukimleta na jino lake, atafika kwangu koo limeshaziba. Sitakuwa na jino la kung'oa, dada. Nitakuwa na shingo ya kutoboa."

Daktari aliirudisha simu mfukoni. Aliporudi ndani, muuguzi wake, mwanamke wa makamo mwenye mikono myepesi, alikuwa ameshapanga vifaa na kuvifunika kwa kitambaa, kama ilivyo desturi yao: mgonjwa asikutane na koleo kabla hajasalimiwa.

"Mama, kaa hapa. Haitachukua muda. Sindano yenyewe ni kama kuumwa na mbu tu."

Alilijua kosa lake kabla sentensi haijaisha.

"Mbu!" Mama Sukuma alisema kwa mdomo ule uliokakamaa. "Mimi ndiye niliyebuni huo mbu! Nimewadanganya wanawake kwa mbu huyohuyo tangu hujazaliwa. Usiniletee mbu!"

"Basi vuta pumzi nami, taratibu, ingiza kwa pua…"

"Na pumzi hizo ni za kwangu!"

Alisimama. Kwa mtu mwenye homa, alitembea upesi ajabu. Mlango wa choo ukafungwa, komeo likalia.

Seremala ndiye aliyekuwa wa kwanza kuufikia mlango ule. Aliuangalia kama fundi anavyouangalia mlango. "Hizi bawaba ni za skrubu nne. Dakika moja tu. Kisha niwaite vijana wa matairi hapo nje, tumshike. Mimi nitashika kichwa."

"Hapana," alisema daktari.

"Hapana?" Sauti yake ilipanda. "Daktari, nimekusikia kwenye simu. Umesema anameza kwa shida. Mtu akizama mtoni unamuuliza kwanza kama anataka kushikwa?"

Daktari aliona swali ni la haki. Akamvuta pembeni, karibu na dirisha, mpira wa kujazia upepo ukifoka nje.

"Nisikilize, kaka. Sindano naipeleka nyuma kabisa ya taya. Akijirusha, inaweza kuvunjikia humohumo. Koleo likiteleza, litachana ulimi, na ulimi ukivimba leo, tumekwisha. Siwezi kumtibu mtu anayepigana nami. Nipe muda kidogo. Lete gari hadi mlangoni, lielekee barabarani, uweke mafuta ya kutosha. Tutaondoka baada ya jino, si kabla."

"Na muda ukiisha?"

"Nitakwambia."

Seremala akatoka, lakini alitoka kinyumenyume.

Daktari alikaa sakafuni, mgongo kwenye mlango wa choo. Ndani bomba lilifunguliwa, likafungwa.

"Mama, ni mimi. Niko peke yangu."

"Ondoka."

"Siondoki. Lakini mlango sivunji."

Daktari akajaribu njia aliyoiona ya busara. "Mama, kule leba, mwanamke akikataa kuguswa, wewe ulikuwa unamfanyaje?"

"Usinigeuzie kibao, binti. Hiyo nayo naijua."

Daktari aliona aibu. Alikuwa amesomea namna za kumtuliza mgonjwa, na mgonjwa wa leo alikuwa anazisoma zote kama kibao cha duka. Akaachana na ujanja. Akasikiliza pumzi za upande wa pili. Zilikuwa fupi, zenye mkwaruzo mdogo ambao hakuupenda hata kidogo. Alitazama saa ya ukutani, akajikataza kuitazama tena.

Ni Mama Sukuma aliyeanza.

"Unajua kwa nini sikai kwenye kile kiti?"

"Sijui. Niambie."

"Nilikuwa mtoto, naanza shule tu. Jino limeniuma. Kulikuwa na mtu sokoni mwenye koleo. Baba yangu akanipeleka. Akashika kichwa, baba mdogo akashika miguu, shangazi mikono. Yule mtu akashika jino zima, lisilouma. Nikapiga kelele, 'Si hilo! Si hilo!' Sasa mtu mwenye koleo mdomoni anasema nini? Ikatoka, 'Iyo! Iyo!'" Alisita, akameza mate, na kumeza kwenyewe kulisikika hadi nje. "Baba akamwambia, mtoto anasema ni hilohilo. Likang'olewa. Ndipo wakaona. Akarudi kuchukua la pili."

Daktari aliegemeza kisogo mlangoni. Pole ilionekana ndogo.

"Baba yangu alinipenda," sauti ikaendelea. "Nilimwona analia huku amenishika. Analia, na haachii."

"Mama," alisema daktari, "nakwambia jambo, na simwambii mtu hili ili kumtisha. Usaha ule unashuka. Jioni huenda usiweze kumeza. Usiku huenda usiweze kupumua. Jino likitoka sasa, unapata njia ya kutoka. Sitasema haitauma. Mahali palipooza, ganzi haishiki vizuri mara ya kwanza. Huenda nikakuchoma mara mbili, hata tatu. Lakini ukitoka humo ndani, wewe ndiye utakayesema nianze lini na niache lini."

"Maneno."

"Basi weka masharti."

Kisha masharti yakaanza kutoka moja moja kupitia upenyo wa mlango, na kila moja likawa na sauti ya Mama Sukuma wa siku zote, mwenye kupanga watu.

"Silali chali. Nakaa."

"Utakaa. Nitakiinua kiti, mimi nitainama."

"Jino nalionyesha mwenyewe. Kwa kidole changu."

"Nakupa kioo."

"Hakuna kunishika. Hata kunipapasa bega. Nachukia kupapaswa."

"Hakuna."

"Nikiinua mkono, unaacha."

"Naacha. Hata kama limebaki kushikwa na uzi, naacha, naweka vifaa chini, unaona mikono yangu mitupu."

"Na hakuna sindano."

"Hilo siwezi."

"Ala! Si umesema mimi ndiye nasema?"

"Hilo siwezi, Mama. Nikikubali, nitakuwa nimekudanganya. Bila sindano hutavumilia, wala mimi sitavumilia. Hayo mengine yote ni yako."

Pengine daktari angekubali lile la mwisho, mlango usingefunguliwa kamwe. Komeo lililia. Mama Sukuma alisimama pale, mtandio begani, uso umemlowa jasho. Alimtazama daktari aliyekaa sakafuni.

"Nyanyuka," akasema. "Utapata baridi ya kiuno."

Kiti kiliinuliwa hadi kikawa kama kiti cha sebuleni. Muuguzi alimpa kioo cha mkono. Mama Sukuma alifungua mdomo kadiri ulivyokubali, akaingiza kidole chake mwenyewe, akaligusa gego. "Iyo." Daktari akaligusa kwa ncha ya kifaa. "Hili?" Akagusa la jirani. "Au hili?" Mama Sukuma akatikisa kichwa kwa nguvu, akarudi kwenye lile la kwanza. Walirudia hadi hapakuwa na shaka kwa yeyote mle ndani.

Seremala aliambiwa angoje nje ya mlango. Alisimama karibu kiasi kwamba kivuli chake kilionekana kwenye kioo cha ukungu.

"Sasa napaka dawa ya kutia ganzi juu ya ufizi. Ni chungu kwa ladha. Unaisikia?"

Kichwa kikaitikia.

Kabla daktari hajanyoosha mkono kwenda kwenye sindano, mkono wa mama ukapaa. Hapakuwa na kitu chochote mdomoni mwake. Ulikuwa mtihani, na wote watatu walijua. Daktari akaweka vifaa kwenye trei, akafungua viganja hewani. Akangoja. Nje, mtu alikuwa anagonga rimu kwa nyundo. Hakuna aliyemharakisha mama yule. Mwishowe mkono ukashuka.

"Sindano ni hii. Wengi hawapendi kuiona. Wewe je?"

"Nionyeshe."

Aliitazama kama mtu anayemtazama nyoka aliye ndani ya chupa. "Ndefu," akasema.

"Ndefu. Haiingii yote. Sasa Mama, nakuomba kazi moja, na si ya kupumua. Vua viatu. Chezesha vidole vya miguu, kimoja kimoja, kuanzia kidole gumba cha kulia. Ukifika cha mwisho, rudi. Usikosee mpangilio."

"Vidole vya miguu na jino vinahusiana nini?"

"Havihusiani. Ndiyo faida yake."

Jambo hilo Mama Sukuma hakuwa nalo kwenye ghala lake. Akavua viatu. Vidole vikaanza kucheza, vibaya, kama vya mtoto anayejifunza kinanda, kidole cha tatu kikigoma kwenda peke yake. Alikikazia macho. Daktari akaingia nyuma ya taya, akasema, "Sasa," akasukuma dawa taratibu mno. Chozi lilishuka. Mkono ulinyanyuka kidogo kutoka pajani, ukarudi.

Wakangoja. Mdomo wa chini ukaanza kuwa mzito, kisha nusu ya kidevu. Daktari alipolichokoa gego kwa ncha, mkono ukapaa kama mshale. Akaacha. Alichoma mara ya pili, pembeni ya jino lenyewe. Wakangoja tena, na safari hii daktari ndiye aliyekuwa anahesabu pumzi za mama yule bila kuonyesha. Ule mkwaruzo ulikuwa umeongezeka, au alikuwa anaudhania tu? Akamtupia jicho muuguzi. Muuguzi naye alikuwa anausikiliza.

"Unasikia nini nikifanya hivi?"

"Unasukuma."

"Inauma?"

"Inasukuma tu." Kisha upande ule wa mdomo uliobaki na uhai ukapinda kidogo. "Nimelipwa leo."

"Basi naanza. Utasikia nguvu, utasikia na kelele, maana taya iko karibu na sikio. Kelele si maumivu. Maumivu ukiyasikia, mkono."

Gego lilikuwa la zamani, limekaa pale kama nguzo ya nyumba. Daktari alilishika, akalisukuma nje, akalirudisha ndani, polepole, akilitanulia nafasi. Jasho lilimtiririka chini ya kofia. Jino likaanza kucheza. Alihisi likikubali, akageuza kiganja kidogo.

Paa!

Sauti ilijaa chumba kama kuni kavu iliyovunjwa gotini. Gego lilikuwa limekatika. Kichwa chake kilikuwa kwenye koleo, na mizizi imebaki ndani.

Mkono wa Mama Sukuma ukaanza kuinuka.

Mlango ukafunguka kwa kishindo kabla mkono haujafika juu. Seremala alikuwa amesikia mvunjiko ule na kuona kupitia ukungu mkono wa mama yake ukipaa, na moyo wake haukungoja maelezo. Alivuka chumba kwa hatua mbili, akaukamata mkono ule kwa mikono yake yote miwili, akaushusha kwenye paja na kuukandamiza.

"Tulia, Mama! Tulia, linakaribia! Daktari, malizia, nimemshika! Malizia!"

Analia. Machozi yalikuwa yanamtoka mtu mzima yule, na hakuachia.

Macho ya Mama Sukuma yalifunguka hadi weupe ukazunguka mboni yote. Koo lake likatoa sauti ambayo haikuwa neno. Miguu ikaanza kupiga kiti.

Daktari alikuwa na kifaa cha kuchokolea mizizi tayari mkononi. Mzizi mmoja ulikuwa unaonekana, umelegea, na sauti moja ndani yake ilimwambia: sekunde tano tu, amalizie, mkono si umeshikwa? Aliisikia sauti ile vizuri. Akatoa vifaa vyote mdomoni, akaviweka kwenye trei kwa kishindo cha makusudi, akasogeza nyuma kistuli chake chenye magurudumu hadi kikagonga ukuta. Akainua viganja vyake.

"Nimeacha, Mama. Nimeuona mkono. Nimeacha." Kisha, bila kugeuza macho, "Kaka, mwachie."

"Lakini…"

"Mwachie mkono wake."

Hakupaza sauti. Seremala alitazama chini, akaona mikono yake ilivyomshika mama yake, vifundo vimekuwa vyeupe. Akaachia kama aliyeshika pasi ya moto.

Mama Sukuma aliinama mbele, akatema damu kwenye beseni, akakohoa. Kwa muda ilionekana atasimama na kwenda zake, na hakuna ambaye angemzuia. Akamtazama daktari: viganja vile vilikuwa bado hewani.

"Iyo ilikuwa nini?" akauliza. "Ile sauti."

"Jino limevunjika. Kichwa kimetoka, mizizi imebaki, na usaha uko chini yake. Sijafika mwisho. Inabidi nirudi, na huenda nikakata ufizi kidogo. Sijui itachukua muda gani."

Seremala aliziba mdomo wake kwa mkono. Angekuwa yeye, angesema jambo jepesi zaidi.

Mama Sukuma alikaa na jibu lile. Akajipangusa kidevu, akaunyoosha mkono wake, ule ulioshikwa, akautazama mbele na nyuma.

"Maji nimeshayavulia nguo," akasema. Kisha akamgeukia mwanawe, na ingawa nusu ya mdomo ilikuwa imelala, sauti ilirudi, ile ya chumba cha kujifungulia. "Wewe. Kaa pale kwenye kigoda, nikuone. Mikono yako ikalie."

"Mama?"

"Ikalie!"

Na fundi seremala, baba wa watoto wake, mwajiri wa vijana wa karakana nzima, akaketi kwenye kigoda cha muuguzi na kuviweka viganja vyake chini ya mapaja.

Sindano ya tatu haikuonyeshwa. Mama alisema moja imemtosha kuiona. Vidole vya miguu vilianza tena, upande wa kulia. Mara mbili mkono uliinuka, na mara mbili vifaa vilirudi kwenye trei. Mara ya pili ilikuwa karibu mno. Daktari alikuwa ameushika mzizi wa mwisho na ulikuwa unakuja. Akauachia. Muuguzi akafumba macho. Wakangoja, saa ya ukutani ikigonga, hadi mkono ukashuka wenyewe.

Mzizi ulitoka, na nyuma yake ukafuata usaha, mwingi, wenye harufu iliyowafanya wote wanne wageuze nyuso. Muuguzi alifungua dirisha. Mama Sukuma, aliyezoea harufu za kila namna, alivuta pua akasema, "Hiyo nilikuwa natembea nayo?"

Hakuna aliyecheka sana. Walikuwa na safari. Alichomwa dawa, akawekewa pamba kidondani, akaketishwa mbele kwenye pikapu, daktari kati yake na dereva. Njia nzima daktari alimpa maji funda baada ya funda na kusikiliza kila mmezo. Kabla ya nusu ya njia, ule mkwaruzo wa pumzi ulipungua. Hakumwambia mtu, asije akajipa matumaini bure. Lakini walipofika, na daktari wa upasuaji akapapasa shingo ile, akauliza jino limetolewa saa ngapi, akaitikia kwa kichwa, ndipo daktari wa meno alipoomba mahali pa kukaa.

Mama Sukuma alilazwa siku chache. Waliweka kijibomba chini ya kidevu, na dripu mkononi. Uvimbe ukashuka, homa ikakata. Kufikia siku ya pili wauguzi wa wodi walikuwa wameanza kumlalamikia, kwa kuwa alikuwa anawapangia zamu.

Jioni moja mwanawe alikuja na chupa ya chai. Alikaa ukingoni mwa kitanda. Daktari wa meno hakutaka kumweleza kwa nini mama yake anaogopa kushikwa, akamwambia amuulize mwenyewe; naye aliuliza, akajibiwa, habari yote ya sokoni, bila kupunguziwa.

"Babu?" alisema mwishowe. "Babu yule tuliyemjua?"

"Huyohuyo."

"Kwa nini hukuwahi kutuambia?"

"Mlikuwa mnampenda. Nami nilimpenda. Ningewaambia nini?"

Seremala alizungusha kifuniko cha chupa. "Nami nimekushika vilevile kama yeye."

"Umenishika," alikubali mama yake. Hakumsaidia kulikwepa. Alimwacha alisikie, kisha akaongeza, "Ukaambiwa uachie, ukaachia. Sasa mimina chai, isipoe, na uache kuniangalia hivyo. Sijafa."

Kidonda kilipofunga, Mama Sukuma alirudi kliniki kukaguliwa. Alikuja peke yake, kwa miguu. Daktari alimkuta kwenye benchi, ameshika mkoba kwa mikono yote miwili, na alipomwamkia kwa mkono akagundua mikono ile ni baridi kama chuma. Hofu ilikuwa palepale. Ilikuwa imekuja naye na kukaa kando yake kwenye benchi. Tofauti ni kwamba hapakuwa na mama yeyote mwenye uchungu aliyekuwa anamwita.

"Leo unaangalia tu?"

"Naangalia tu."

Aliangalia. Tundu lilikuwa linajaa vizuri. Kisha kioo chake cha meno kikakawia juu, upande wa kushoto, na Mama Sukuma akatambua upesi.

"Sema."

"Kuna jingine, Mama. Juu, kushoto. Bado dogo, la kuziba tu. Tukilichelewesha litakuwa kama lile."

Mama Sukuma alisema neno ambalo mtu hasemi mbele ya wakwe. Akatazama dirishani, ambako vijana wa matairi walikuwa wanabishana juu ya jeki. Akatazama kile kiti. Akavaa mtandio wake, akaufunga, akaufungua, akaufunga tena.

"Asubuhi," akasema. "Uniweke asubuhi kabisa, kabla sijapata nafasi ya kufikiri."